Nani apewe kalamu ya mtaala: mwalimu, mtaalamu, mzazi, mwajiri au mtunga mitihani?

Watu wakitaka kurekebisha mtaala, iwe ni shule moja inaongeza somo la kompyuta au ni mfumo mzima unapangwa upya, swali la kwanza huwa ni tumwite nani, na jibu tayari wanalo, tuwaite wadau wote. Sawa, waiteni, ila kumwita mtu kikaoni na kumpa kalamu ni vitu viwili tofauti kabisa na hapo ndo mambo huharibika. Kuna mtu wa kusikilizwa, kuna mtu wa kushika kalamu, na kuna mwenye muhuri, yaani akisema hapana basi hamna kitu. Mi nimefundisha hisabati miaka mingi na nimekaa kwenye kamati mbili za mtaala, moja ilitoa kitu kinachofundishika, nyingine ilitoa faili zuri lenye jalada gumu ambalo sijawahi kumuona mwalimu akilifungua, na karibu nusu ya watu walikuwa walewale kwenye kamati zote mbili. Kilichobadilika ni nani alipewa nini.

Kwa hiyo hapa nawaweka wawili wawili, maana ukiwapanga wote kumi kwa foleni kila mmoja anaonekana wa muhimu na hutapata jibu.

Mtaalamu wa somo na mwalimu wa darasani

Hapa ndo penye kazi kubwa kwa hiyo ntakaa kidogo.

Mtaalamu wa somo, tuseme mwanafizikia au mwanahistoria wa chuo kikuu, anajua kitu ambacho mwalimu hawezi kukijua kirahisi: kipi kimepitwa na wakati, kipi ni kweli ila kimeelezwa kizamani, na ngazi inaelekea wapi huko juu. Ukimkosa huyu unaweza kufundisha watoto makosa kwa miaka kumi bila mtu kushtuka. Tatizo lake ni kwamba kwake yeye kila kitu kwenye somo lake ni cha lazima, na ukiwaweka wataalamu wa masomo kumi kila kundi na chumba chake, kila chumba kitatoka na mzigo unaotosha wiki nzima. Uingereza walipitia hilo baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1988 iliyoleta mtaala wa taifa: kila somo likawa na kikundi chake cha kuliandika, kila kikundi kikajaza, na ilipofika 1993 walimu wakagomea mitihani inayoendana na mtaala huo, serikali ikamuita Ron Dearing apitie upya na mapendekezo yake makubwa yakawa ni kupunguza. Ona sasa, hakuna hata kundi moja lililofanya kosa ukiliangalia peke yake, ni jumla yake tu ambayo mtoto hawezi kuibeba.

Marekani nao, mwaka 1956 wanafizikia wakiongozwa na Jerrold Zacharias wa chuo cha MIT walianza kuandika upya fizikia ya sekondari, halafu Oktoba 1957 Wasovieti wakarusha setilaiti ya Sputnik na hela za serikali zikamwagika kwenye miradi ya namna hiyo. Fizikia yenyewe waliyoandika ilikuwa safi, hakuna anayebisha. Lakini kwenye miradi mingi ya kipindi kile kulikuwa na wazo fulani kwamba ukiandika vitu vizuri vya kutosha mwalimu hawezi kuviharibu, yaani mwalimu anaonekana kama bomba tu, unamimina huku yanatokea kule. Mwalimu si bomba.

Sasa mwalimu wa darasani anajua nini? Anajua muda kwanza. Kipindi cha dakika 40 si dakika 40, toa za kuingia na kutulia, toa za kurudisha madaftari, toa za yule aliyesahau kalamu, unabaki na 30 ukiwa na bahati. Na anajua watoto wanakwamia wapi. Mtaalamu wa hisabati ataandika kujumlisha sehemu, wiki moja, ameona imeisha hiyo. Mwalimu anajua mtoto akipewa nusu ujumlishe na theluthi atajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini, akupe 2/5, na hata ukimuonesha kwamba 2/5 ni ndogo kuliko hiyo nusu aliyoanza nayo bado kesho atarudia, na hilo haliishi kwa wiki moja, linaishi kwa wiki tatu na kurudiwa tena muhula unaofuata. Hiyo habari haipo kwenye kitabu chochote cha chuo kikuu, ipo kwenye kichwa cha mtu aliyesahihisha madaftari elfu mbili.

Mwalimu naye ana ubovu wake na tusimpambe. Anaona darasa lake tu, mara nyingi hajui mwenzie wa darasa la juu analalamikia nini. Na anapenda kubakiza anachoweza kukifundisha, mi mwenyewe nilitetea mada moja ya jometri kwa nguvu zote kumbe nilikuwa natetea maandalio yangu niliyokwisha kuyaandika, nilikuja kujishtukia baadaye sana. Halafu amechoka. Ukimuita mwalimu Jumamosi bila malipo na bila kumpunguzia vipindi usishangae akikubali kila kitu ili aondoke.

Huu ubishi wenyewe wa zamani. Ralph Tyler wa Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1949 aliweka maswali manne ambayo mpaka leo wakuza mitaala wanayatembelea: shule inataka kufikia nini, mtoto apitie shughuli gani ili afike, zipangwe vipi, na utajuaje amefika. Watu wakayasoma kama ngazi ya kushuka, wakubwa juu wanaweka malengo, mwalimu chini anatekeleza. Hilda Taba, aliyewahi kufanya kazi na Tyler huyohuyo, mwaka 1962 akageuza, akasema waanze walimu, waandike mada chache wazijaribu kwa watoto wa kweli, halafu ndo mjenge mfumo mkubwa kutoka kwenye zile zilizofanya kazi. Ukiniuliza mi nipo upande wa Taba, ila najua ni polepole, na wenye bajeti hawapendi polepole.

Kwa hiyo uchague vipi. Kama somo ni jipya au taaluma yake imebadilika sana, mfano kompyuta au jenetiki, mtaalamu aandike orodha ya yaliyomo na mwalimu apewe kazi ya kupanga na kukata, tena akate kweli siyo kupendekeza. Kama somo ni la siku zote na shida yenu ni watoto hawaelewi, kalamu mpe mwalimu, mtaalamu asome tu kutafuta makosa. Na mkibishana mkashindwa kuelewana, mwalimu ashinde, si kwa sababu ana akili zaidi, ni kwa sababu yeye ndo atafunga mlango wa darasa na kufanya anachoamini, hamtakuwepo. Msomi John Goodlad aligawa mtaala kwa matabaka: uliokusudiwa, ulioandikwa, ule mwalimu anaouelewa kichwani, ule unaotokea darasani kweli, na ule mtoto anaondoka nao. Kamati mnaandika la pili tu, yanayobaki chini yake yote yanapita kwa mwalimu.

Mfano unaouma ni Afrika Kusini. Mtaala ulioitwa Curriculum 2005 ulizinduliwa 1997 ukaanza darasani 1998, nia yake nzuri tu, kuondoa elimu ya ubaguzi. Mwaka 2000 kamati ya mapitio chini ya Linda Chisholm ikakuta lugha yake ngumu na misamiati imejaa mno, na walimu hawakuandaliwa vya kutosha, ikabidi uandikwe upya, toleo jipya likatoka 2002. Mwalimu asipoielewa sentensi ya mtaala hataiuliza, ataruka tu.

Mzazi na mwanafunzi

Hawa wawili watu huwaweka kapu moja kama wasio wataalamu, wakati wanachojua hakifanani hata kidogo.

Mzazi anajua kwa nini. Anataka mtoto aweje, dini na maadili ya nyumbani yanasemaje, mada zipi zinahitaji kuongewa kwa uangalifu, mzigo wa homuweki unaingia saa ngapi usiku. Hayo muulizeni mapema kabla hamjaandika hata mstari, maana mzazi akisikia mada nyeti kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtoto akiwa tayari ameshafundishwa, huo ugomvi hamuuzimi. Ila mpangilio wa mada usimuulize, atakuambia turudi kwenye ule aliosoma yeye. Na usimcheke, ana sababu, mtaala alioupitia ndo anaoweza kumsaidia nao mtoto mezani jioni. Marekani miaka ya 1960 walileta hisabati mpya, watoto wadogo wanafundishwa seti na kuhesabu kwa vizio visivyo kumi, mzazi anakaa na mtoto anaona daftari hajui hata pa kuanzia, na hiyo ikawa sababu mojawapo iliyoufanya mradi wote ukose watu wa kuutetea.

Angalizo moja: mzazi anayekuja kikaoni ni yule mwenye nafasi ya kuja. Wale wasiokuja ndo wengi.

Mwanafunzi sasa, huyu kila mtu anasema yeye ndo katikati ya mtaala na hakuna anayemuuliza kitu. Ni kweli hajui asichokijua, huwezi kumuuliza mtoto wa miaka 11 kama logarithimu ni muhimu. Lakini anajua kitu kimoja ambacho hakuna mtu mzima kwenye kamati anakijua, yeye ndo mtu pekee anayesoma masomo yote. Kwenye ile kamati yetu iliyofanya vizuri tuliwaita wanafunzi waliomaliza darasa husika mwaka uliopita, binti mmoja akasema yeye alikuwa anajua kuna mizunguko miwili ya maji, mmoja wa sayansi na mmoja wa jiografia. Tukacheka, halafu tukafungua silabasi. Mada ileile, mwaka uleule, miezi tofauti, maneno tofauti, michoro tofauti, hakuna mwalimu aliyewahi kuambiwa mwenzie anaifundisha, na wataalamu wote walikuwa wameipitisha kwa sababu kila mtu alisoma kurasa za somo lake. Tulipata wiki mbili za bure pale.

Waulizeni waliotoka darasa hilo karibuni, si waliomo ndani, aliyemo ndani anamuogopa mwalimu wake. Na uliza maswali madogo, wapi ulipotea, nini ulifundishwa mara tatu, nini ulikihitaji baadaye ukakuta hukufundishwa. Mwanaelimu wa Brazil, Paulo Freire, alienda mbali zaidi, mwaka 1963 kule Angicos, Brazil, wafanyakazi karibu 300 walifundishwa kusoma na kuandika kwa maneno yaliyokusanywa kwanza kutoka kwenye maisha yao wenyewe, yaani mwanafunzi anachangia yaliyomo kabla ya somo kuanza. Kwa watu wazima hiyo inafanya kazi vizuri sana, kwa watoto chukua kidogo.

Kati ya hawa wawili mzazi asikilizwe mwanzo, mwanafunzi asikilizwe rasimu ikiwepo mezani. Kalamu hapana kwa wote. Ila kama muda unatosha kumsikiliza mmoja tu kwa kina, mi nachukua mwanafunzi, na najua wengi hawatakubaliana na mimi.

Mwajiri na chuo kikuu

Hawa kwa kifupi. Mwajiri anaangalia nafasi alizonazo leo, mtoto anayeanza darasa la kwanza atafika kwake baada ya miaka 12 au 15, programu ya kompyuta anayoililia leo itakuwa imekufa. Ukimbana vizuri utagundua anacholalamikia si ujuzi fulani, ni vijana kushindwa kuandika barua pepe inayoeleweka na kufika kwa muda, hayo chukua. Chuo nacho kinavuta mtaala wote uelekee kwenye masharti yake ya kujiunga wakati sehemu kubwa ya watoto hawatapita kwenye mlango wake. Kwa elimu ya msingi wasikilizwe wote nusu siku inatosha. Kwa ufundi na ufundi stadi geuza kabisa, mwajiri apate kiti cha kudumu, hapo mashine anazotumia ndo somo lenyewe.

Mtunga mitihani na mwandishi wa vitabu

Hawa ndo waandishi wa siri wa mtaala. Hawaitwi kikaoni, au wanaitwa siku ya mwisho kupewa kopi, na mwisho wa siku wao ndo wanaoamua.

Chukua lugha. Silabasi inasema mtoto asikilize, aongee, asome, aandike. Mtihani ni karatasi. Mwalimu mwenye presha ya matokeo atafundisha kuongea mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu atapunguza, ikifika muhula wa mwisho darasa lote lipo kimya linajaza nafasi zilizoachwa wazi, na huwezi kumlaumu, ubao wa matokeo una jina la shule yake. Mtaala ulioandikwa una ujuzi wanne, mtaala halisi una miwili. Aliyefuta hiyo miwili hakuwahi kukaa kwenye kamati yenu. Ndo maana mi nasema mtunga mitihani ana muhuri mumpe msimpe, kwa hiyo bora akae mezani siku ya kwanza, na kila lengo linapoandikwa aulizwe hili utalipima vipi. Ila kuwa macho, jibu lake la haraka litakuwa "hili halipimiki, litoeni". Usikubali. Baadhi ya malengo yapimwe na mwalimu mwenyewe, mengine yasipimwe kabisa yafundishwe tu, shida iko wapi.

Finland watu wanaisifia sana walimu wao, na wanastahili, ila kitu kimoja huwa kinasahaulika, kule mtihani wa kitaifa wenye uzito ni mmoja tu, wa mwisho wa sekondari ya juu. Mwalimu wa darasa la tano kule hana mtunga mitihani anayemchungulia begani. Ukichukua uhuru wa mwalimu wa Finland ukauweka chini ya mtihani wa taifa kila baada ya miaka miwili mitatu, hutapata Finland.

Mwandishi wa vitabu na mchapishaji wake wana nguvu ya aina nyingine. Mwalimu asubuhi hafungui silabasi, anafungua kitabu. Mpangilio wa kitabu ndo mpangilio wa somo, na kisichokuwepo kitabuni hakipo. Na mchapishaji anafuata soko, Texas ni mfano unaotajwa sana, bodi ya elimu ya jimbo ina wajumbe 15 wa kuchaguliwa na ndo inapitisha vitabu, na kwa kuwa jimbo lile linanunua vitabu vingi, wachapishaji kwa miaka mingi walikuwa wanaandika wakiwa na jicho kwa bodi hiyo, kwa hiyo mjadala wa bodi moja unaweza kuishia kwenye kitabu cha mtoto wa jimbo lingine kabisa.

Ukiwalinganisha, mtunga mitihani anaamua nini kiachwe, mwandishi wa vitabu anaamua nini kianze. Wa kwanza muiteni mapema, wa pili muiteni mkishamaliza, na mpeni muda. Kosa ninaloliona likijirudia ni vitabu kuchapwa kabla mtaala haujajaribiwa darasani, halafu majaribio yakionesha kasoro mnaambiwa haiwezekani kubadilisha, vitabu vipo stoo.

Wizara na shule

Mwishowe lazima mtu agonge muhuri. Wizara ikigonga yenyewe kwa nchi nzima, faida unaiona mtoto akihama, anakuta wenzie wapo mada ileile, na shule dhaifu inapata kitu cha kushika. Japan wanafanya hivyo, wizara inatoa mwongozo mmoja na kuupitia takriban kila miaka kumi. Hasara ni kwamba ikikosea inakosea kwa wote: mabadiliko yaliyotangazwa 1998 na kuanza 2002 yalipunguza yaliyomo kwa karibu asilimia 30 ili watoto wapumue, lawama zikawa nyingi kwamba viwango vinashuka, na mapitio ya 2008 yakarudisha sehemu yake. Marekani wapo upande mwingine, elimu ni kazi ya majimbo, hata ule mpango wa 2010 wa viwango vya pamoja vya hisabati na Kiingereza kila jimbo liliamua lenyewe kuingia au kukaa nje. Finland wapo katikati, msingi wa taifa uliopitishwa 2014 na kuanza kutumika Agosti 2016 ni wa lazima kwa wote lakini manispaa na shule zinaandika wa kwao juu yake.

Hapa angalia walimu ulionao, usiangalie nchi unayoitamani. Walimu wengi wapya, vitabu vichache, wakaguzi hawafiki, basi muhuri ukae juu na maelekezo yawe ya kina, mwalimu mpya anashukuru kuambiwa aanzie wapi. Walimu wazoefu na wenye muda wa kupanga pamoja, legeza. Na mwanasiasa, kwa vile hatumkwepi, mwombeni kitu kimoja tu, asiruhusu mtaala ubadilishwe kabla watoto wa kwanza walioanza nao hawajamaliza ngazi hiyo, maana mtaala wa miaka sita ukibadilishwa mwaka wa nne haujawahi kupimwa na mtu yeyote.

Kama una viti vitano tu

Hili ndo huwa swali la kweli, hela ni ya watu watano. Msomi wa mitaala Joseph Schwab alishasema kwamba kwenye kila mtaala kuna mambo manne hayaepukiki, mwalimu, mwanafunzi, somo na mazingira, na akaongeza mtu wa tano wa kuendesha mazungumzo ili mmoja asiwameze wengine. Mi viti vyangu ningevigawa hivi: walimu wawili wa madarasa tofauti, mmoja wa chini mmoja wa juu, ili wabishane, hao wana kalamu. Mtaalamu wa somo mmoja. Mtunga mitihani mmoja. Na mkuza mitaala mmoja ambaye hana kalamu kabisa, ana kifutio, kazi yake ni kwamba kila kinachoongezwa anauliza nini kinatoka, na kikao hakisongi mbele mpaka ajibiwe. Wazazi na wanafunzi msiwape kiti, wafuateni walipo, mtapata ukweli zaidi kuliko kumuweka mzazi mmoja katikati ya maprofesa akae kimya siku nzima.

Kwenye kamati yetu ya kwanza, ile ya faili lenye jalada gumu, kifutio hakikuwepo. Silabasi ya kidato kimoja ilitoka na mada 31 kwa mwaka wenye wiki 36 za kufundisha, mitihani imo humohumo, na sote tulisaini.